DNA kuharibika si mutesheni, na mutesheni bado si saratani

Kila ripoti ya hewa chafu inapotoka, sentensi ileile hurudi redioni, magazetini na kwenye makundi ya WhatsApp: "Moshi umeharibu DNA zao, kwa hiyo tayari wana saratani." Nimeisikia hata kwa watu wa afya, ambao wanajua zaidi ya hapo. Sentensi hiyo imebana hatua tatu mahali pamoja, na anayeumia ni msikilizaji: ama anakata tamaa bure, ama anaacha kuamini sayansi yote.

Maana kwa ufupi. DNA, uzi wa maelekezo ya urithi ndani ya seli ulioandikwa kwa herufi nne za kikemia (A, C, G na T), imeharibika pale umbo lake la kikemia linapoguswa: uzi umekatika, au kemikali ya kigeni imenata juu ya herufi mojawapo. Mutesheni ni herufi yenyewe kubadilika, na badiliko hilo kurithiwa na kila seli inayozaliwa kutoka kwenye seli ile. Saratani ni ukoo wa seli uliokusanya mutesheni kadhaa katika jeni nyeti, ukakwepa ulinzi wa mwili, ukazaana bila kizuizi.

Kati ya hatua ya kwanza na ya pili ndipo watu wanapopotea, kwa hiyo nitakaa hapo. Chukua benzopireni, kemikali inayotoka kwenye karibu kila kitu kinachoungua vibaya: makaa ya mawe, dizeli, kuni, tumbaku. Watafiti wa London waliitenga mwaka 1933 kutoka kwenye tani 2 za masalia mazito ya lami ya makaa ya mawe, wakitafuta hasa ni nini ndani ya lami kilichokuwa kikisababisha saratani ya ngozi. Ikiingia mwilini kama ilivyo, benzopireni haina nguvu ya kuishika DNA. Huyeyuka kwenye mafuta, haiyeyuki kwenye maji, na mwili hauwezi kuitoa kwa mkojo. Ndipo vimeng'enya vinapoanza kuibandika oksijeni ili iyeyuke, na katikati ya kazi hiyo njema linazaliwa umbo kali lisilotulia, ambalo huikimbilia herufi G ya DNA na kujigandisha hapo. Jitihada za mwili kujisafisha ndizo zinazoizalisha hatari.

Hapo DNA imeharibika, lakini mutesheni haijatokea. Seli zina mafundi wa kukagua uzi, kukata kipande kilichonatwa na kujaza pengo kwa kufuata uzi wa upande wa pili. Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 2015, waliyopewa Tomas Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar, ilihusu ukarabati huu, na njia aliyoichunguza Sancar ndiyo inayoondoa uchafu mnene wa aina ya benzopireni. Fundi akiwahi, yameisha. Akichelewa, seli ikaanza kugawanyika huku kemikali ingali imenata, kimeng'enya kinachonakili DNA kinafika pale na kushindwa kuisoma G. Kinaweza kuweka A mahali pa C, mwenza wa kawaida wa G. Katika mgawanyiko unaofuata A inaita mwenza wake T, na palipokuwa na G sasa pana T. Ni kama karani anayenakili hati yenye doa la wino: doa linaweza kufutika, ila neno alilokisia akiliandika kwenye nakala, kila atakayenakili baada yake ataliandika hivyohivyo. Mafundi nao hawana tena cha kurekebisha, maana uzi wote wa DNA sasa unaonekana mzima.

Kwa hiyo kipimo kinachoonyesha kemikali iliyonata kwenye DNA kinakuambia mtu amevuta nini siku za karibuni na mwili wake umeshughulika nayo vipi. Mwaka 1992 mtafiti Frederica Perera na wenzake walichapisha vipimo vya damu vya wakazi wa Silesia, eneo la viwanda na makaa ya mawe nchini Poland. Walikuta kemikali hizi zimenata kwenye DNA, na kasoro za kromosomu (vifurushi vya DNA), zaidi ya walivyokuta kwa Wapoland wa vijijini. Utafiti ule ulikuwa na uzito mkubwa, kwa sababu ulionyesha kwamba moshi wa mtaani unafika hadi kwenye kiini cha seli ya binadamu. Haukusema, wala haukukusudia kusema, kwamba wale waliotoa damu walikuwa wagonjwa.

Anayetaka kuona mnyororo mzima aende Xuanwei, katika mkoa wa Yunnan nchini China. Wanawake wa huko karibu wote hawakuwa wavutaji sigara, lakini saratani ya mapafu iliwaua kwa viwango vya juu kabisa nchini mwao. Walipika na kuota moto kwa makaa ya mawe yenye moshi mzito, kwenye mashimo ya moto ndani ya nyumba zisizo na dohani. Uvimbe wao ulipochunguzwa, katika jeni ya TP53, inayozuia seli zisizaane ovyo, yalionekana mabadiliko mengi ya G kuwa T, alama ileile ambayo kemia ya benzopireni inaitabiri. Kisha kuna ushahidi ninaouthamini kuliko wote: wakulima zaidi ya 21,000 walifuatiliwa, na kwa waliojengewa dohani saratani ya mapafu ilipungua kwa zaidi ya theluthi moja, wanaume kwa wanawake. Upungufu huo ulionekana wazi baada ya takriban miaka 10. Muda huo ndio umbali uliopo kati ya moshi na ugonjwa, na ndani yake pana nafasi ya kuokoa watu.

Kuna kosa la pili, pacha wa hilo: kudhani kila kinachosababisha saratani lazima kiivunje DNA. Mtafiti wa saratani Isaac Berenblum, tangu miaka ya 1940, alionyesha kwa panya kwamba kitu kimoja kinaweza kupanda mbegu na kingine, kisichoweza kupanda chochote, kikaichipusha. Mwaka 2023 kundi la Charles Swanton katika Taasisi ya Francis Crick mjini London liliirudisha hoja hiyo kwenye hewa tunayovuta. Katika tishu za mapafu zisizo na saratani walikuta mutesheni za EGFR kwenye asilimia 18 ya sampuli, na za KRAS kwenye asilimia 53 ya zile zilizopimwa; hizi ni jeni mbili zinazoongoza ukuaji wa seli. Watu wengi, basi, tunatembea na mutesheni hizo na hatuumwi. Chembechembe ndogo za moshi, zile za PM2.5, zinapoingia, huita seli za kinga, nazo humwaga kemikali ya kuchochea kinga iitwayo interleukini-1 beta, na seli iliyokuwa imelala na mutesheni yake huamka. Utafiti mwingine wa mwaka 2025, wa wagonjwa 871 ambao hawajawahi kuvuta sigara, ukakuta mutesheni nyingi zaidi kwenye uvimbe wa waliotoka maeneo yenye hewa chafu. Njia zote mbili zipo, na hakuna sababu ya kulazimisha moja iifute nyingine.

Sasa suala la orodha ya IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO. Moshi wa dizeli uliwekwa Kundi la 1, yaani hakika unasababisha saratani, mwaka 2012, hewa chafu ya nje mwaka 2013. Namba ya kundi hupima uthabiti wa ushahidi. Ukali wa kitu hupimwa kwingine. Moshi wa kuni majumbani uko Kundi 2A, yaani huenda unasababisha saratani, na hilo halimpi ahueni mama anayekohoa jikoni akipulizia kuni mbichi, kwa sababu moshi huohuo una benzopireni na PM2.5.

Ndugu mwandishi wa habari, ukipokea ripoti kwamba wakazi wa mtaa fulani wamekutwa na uharibifu wa DNA, andika hivi: kemikali za moshi zimekutwa zimenata kwenye DNA ya seli zao za damu, na wakiondokana na moshi huo, miili yao inaweza kuondoa sehemu kubwa yake. Sentensi hiyo ni ndefu kidogo, lakini msomaji wako ataielewa, na atajua la kumdai diwani wake.