Kuchuliwa kwa tiba mara ya kwanza: maswali na majibu

Kuna tofauti gani na masaji ya hotelini?
Kwenye hoteli za pwani za Nungwi au Paje, Unguja, mgeni huchuliwa mwili mzima ili apumzike. Kwenye tiba unakwenda na jambo lako: kiuno kwa kuinamia mwani, bega kwa kuchuma karafuu, ukosi kwa kushinda kwenye cherehani. Mchuaji hufuata misuli inayohusika. Usishangae ukilalamikia kiuno akaanzia makalio na nyuma ya mapaja, kwani misuli ya huko ikikaza nayo huchangia maumivu ya kiuno.

Nijitayarishe vipi?
Vaa nguo pana, na chukua kanga zako mbili. Hufunuliwa sehemu inayochuliwa tu. Mwanamke akitaka mchuaji wa kike, au aingie na mtu wake, aseme wakati wa kupanga miadi, maana akishafika huenda zamu imekwisha. Kula chakula chepesi kama masaa 2 kabla ya kuchuliwa. Ukiwa umefunga, mwambie mchuaji, na usiinuke ghafla baada ya kulala muda mrefu. Kizunguzungu ni rahisi kukupata.

Mbona maswali mengi kabla ya kuguswa?
Katika dakika 60, 15 za mwanzo au zaidi ni za mazungumzo na vipimo, na ndizo zenye thamani kuliko zote. Atauliza maumivu yalianza lini, yanazidi ukifanya nini, yanashuka mguuni au la, usiku yanakuamsha au vipi. Atakwambia uiname, ugeuze shingo, unyanyue mikono yote miwili ili alinganishe pande. Bega linalogoma kwenye usawa wa sikio, kwa mfano, atalipima tena mwisho aone limeongeza kiasi gani.

Usimfiche kitu: presha, kisukari, mimba, operesheni, dawa za kuzuia damu kuganda. Mwenye kutumia dawa hizo akikandamizwa sana huvilia damu. Mwenye kisukari aliyeingia ganzi miguuni hawezi kujua kwamba anaumizwa. Mchuaji asiyeuliza lolote, akakulaza tu na kumimina mafuta, mshukuru uondoke.

Nani asichuliwe kwanza?
Mwenye homa, au ngozi yenye jipu na vidonda mahali penyewe. Mwenye shavu la mguu mmoja lililovimba, lina joto na linauma: huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na kulichua kunaweza kulisukuma bonge hadi kwenye mapafu. Aliyeanguka mkarafuuni akapigwe picha kwanza, kwa sababu mfupa uliovunjika ukichuliwa unaweza kuhama mahali pake. Maumivu ya kiuno yakija pamoja na ganzi sehemu za siri, mkojo usiozuilika au miguu kulegea, wahi hospitali siku hiyo hiyo: Mnazi Mmoja kwa Unguja, Abdulla Mzee au Chake Chake kwa Pemba.

Itauma?
Kiasi. Kwa kipimo cha 0 hadi 10, isizidi 6. Ukijikuta unazuia pumzi au unakunja vidole vya miguu, nguvu imepita, sema "punguza". Wengi huona haya, wakadhani kuumizwa ndiyo dawa yenyewe. Misuli inayoumizwa hujikaza zaidi.

Mafuta ya karafuu je?
Yasipakwe yenyewe, huunguza ngozi. Matone 3 kwa vijiko 2 vya chakula vya mafuta ya nazi yanatosha, na yajaribiwe kidogo mkononi, upande wa ndani, siku moja kabla. Mafuta ya nazi matupu kwa wengi hayana ubaya.

Na baadaye?
Uchovu wa misuli kwa siku 1 au 2 ni kawaida. Michubuko, ganzi au maumivu yanayozidi baada ya siku 2 si kawaida. Rudi au mwone daktari. Kunywa maji ukisikia kiu, lakini habari ya kwamba kuchuliwa "hutoa sumu mwilini" haina msingi. Kuoga maji ya baridi hakudhuru, japo ya moto yanaburudisha zaidi.

Utapewa zoezi 1 au 2 la nyumbani. Lifanye mbele yake kabla hujaondoka, akurekebishe. Siku hiyo usibebe gunia wala ndoo kichwani. Ikifika mara ya tatu au ya nne na bega bado linagoma pale pale, uliza kwa daktari wa viungo badala ya kulipia mara ya tano.