Urgent Care na Emergency: mgonjwa umpeleke wapi?

Ukiishi Marekani unayaona mabango haya mawili kila siku, Urgent Care na Emergency. Wengi wetu tuliotoka Bukavu, Kigoma au Mombasa huyachukulia kuwa kitu kimoja, maana kwetu aliyezidiwa hukimbizwa hospitali, basi. Ni vitu viwili tofauti.

Urgent Care ni kliniki ya kutibiwa siku hiyohiyo bila miadi, mara nyingi hadi jioni na wikendi. Wanashona kidonda kidogo, wanapima mkojo, wanatibu sikio la mtoto au mguu ulioteguka. Nyingi zina eksirei. Emergency ni idara ya dharura ya hospitali: haifungwi usiku wala mchana, ina CT (mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili), damu ya kuongezea, vitanda vya kulaza. Bili yake nayo ni kubwa zaidi, kubwa sana.

Usipime kwa maumivu. Jino litakuliza usiku kucha na lisikuue, lakini kiharusi huweza kuja bila kuuma popote. Jiulize: tukichelewa, atapoteza uhai au kiungo?

Baba anakunywa chai, kikombe kinamponyoka. Mwambie atabasamu: mdomo umepinda. Ainue mikono yote miwili: mmoja unashuka wenyewe. Anaongea, maneno hayashikiki. Hizo ni dalili za kiharusi. Usimwambie ajilaze kidogo. Piga 911, namba ya dharura, na ukumbuke saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho, kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu. Kabla ya kuitoa lazima CT ionyeshe kwamba hakuna damu inayovuja kwenye ubongo. Urgent Care itakuelekeza Emergency tu, na muda umeshakwenda.

Vivyo hivyo kifua kinachobana, pumzi inayokata, damu isiyokoma, au homa ya 38°C kwa mtoto asiyefikisha miezi mitatu.

Najua hofu ya bili, imewafanya watu wengi wakae nyumbani. Lakini kwa sheria ya mwaka 1986, EMTALA, idara za dharura za hospitali zinazopokea fedha za Medicare (bima ya afya ya serikali, hasa ya wazee) lazima zimpime kila anayefika na kumtoa kwenye hatari, hata asiye na bima. Bili huja baadaye, na unaweza kuomba punguzo. Mkalimani hospitalini hulipi wewe. Na Kiingereza kikikushinda kwenye simu ya 911, sema "Swahili" na usikate.