Farasi aliyejificha kwenye uniti ya LUKU

Ukipeleka mahindi mashineni hapa Dodoma, Majengo au Kizota, chungulia kibati kilichobandikwa kwenye mota. Huenda ukakuta HP 20, yaani hospawa (nguvu za farasi) 20, na pembeni kW 15, yaani kilowati 15. Wanafunzi wangu huniuliza mota moja inataka nini na vipimo viwili. Vyote vinasema jambo lile lile, na vyote asili yake ni mtu mmoja, James Watt.

Watt alizaliwa Greenock, Scotland, mwaka 1736. Alikuwa fundi wa vyombo vya vipimo, akaiboresha mashine ya mvuke hadi ikatumia makaa machache zaidi. Kazi ikawa kuiuza. Wenye viwanda vya bia walikuwa wakisaga kimea kwa vinu vinavyozungushwa na farasi, kwa hiyo walitaka kujua: hii yako ni sawa na farasi wangapi? Watt akakokotoa kazi ya farasi mmoja kwa dakika, akaifanya kipimo. Mpaka leo fundi wa Dodoma anauliza "mota ni ya hospawa ngapi?" Angezaliwa huku kwetu, nadhani tungepimia punda.

Umeme haukuwa fani yake, na alikufa mwaka 1819. Mwaka 1882 ndipo William Siemens, mhandisi mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Uingereza, alipopendekeza katika mkutano wa wanasayansi huko Southampton kwamba kipimo cha nguvu ya umeme kiitwe wati, kwa heshima ya Watt. Hospawa moja ni kama wati 746. Zidisha kwa 20, utafika karibu na kilowati 15 za kwenye kibati.

Sasa LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla. Wati ni kasi ya kula umeme. Uniti ndiyo kiasi kilicholiwa, yaani kilowati moja (wati 1,000) kwa saa nzima. Taa ya wati 10 itawaka saa 100 ndipo imalize uniti moja. Jagi la kuchemshia maji la wati 2,000 linaimaliza kwa nusu saa.

Mota ile ya mashineni ikibeba mzigo wake wote hula zaidi ya uniti 15 kwa saa, maana kibati hutaja nguvu inayotoka kwenye shafti tu. Lile joto unalolisikia ukigusa mota baada ya kusaga madebe kadhaa nalo ni uniti, na limeshalipiwa.