Astigmatizimu ya konea kwenye operesheni ya mtoto wa jicho kwa leza, ni kitu gani hasa?

Mtu anafanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho, kesho yake anafunguliwa bandeji anaona mwanga umejaa, rangi zimerudi, lakini taa za magari usiku bado zinavuta mkia na herufi zina kivuli pembeni, basi moyo unamwenda mbio anajua jicho limeharibika. Mara nyingi wala halijaharibika jamani. Mtoto wa jicho ni ukungu kwenye lenzi iliyo nyuma ya mboni, na hiyo imeshatolewa ikawekwa ya bandia, ila konea, yaani kile kioo cha mbele kabisa, hakuna aliyeigusa umbo lake.

Konea nzuri imepinda sawa pande zote kama mpira. Yenye astigmatizimu chukua kijiko ugeuze mgongo wake, upande mmoja umepinda sana na mwingine umelala, kwa hiyo mwanga unashindwa kukutana sehemu moja.

Sasa leza inaingiaje? Ni leza ya femtosekunde, yaani inayopiga mapigo ya mwanga mafupi mno, na daktari wa macho Zoltan Nagy ndiye aliianzisha kwa mtoto wa jicho kule Budapest, Hungaria, mwaka 2008. Kabla lenzi haijatolewa, mashine inapima unene wa konea, ambao ni kama nusu milimita tu, halafu inachora mikato midogo ya upinde pembezoni, palepale kwenye mhimili, yaani mwelekeo, uliopinda sana, inazama kama asilimia 80 ya unene bila kutoboa. Pale panalegea, mpindo mkali unatulia na upande uliolala unanyanyuka kidogo.

Hii inafaa astigmatizimu ndogo, ya daiopta moja hivi (daiopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi). Ikizidi hapo dawa yake ni lenzi ya toriki, ambayo nguvu ya kurekebisha imewekwa ndani ya lenzi yenyewe, na hiyo haihitaji leza kabisa. Nalisema hili kwa sababu watu wanauza hadi shamba wakiamini leza ndiyo kila kitu, wakati utafiti mkubwa wa Ufaransa uliotoka 2020 uliona leza haikuishinda operesheni ya kawaida.

Kinachoamua zaidi ni mhimili. Lenzi ya toriki ikizunguka digrii moja inapoteza karibu asilimia 3 ya kazi yake, ikifika 30 imekwisha yote. Na jicho lenyewe huzunguka kidogo ukilala chali! Ndiyo maana kabla ya kupanda kitandani wengi wanakalishwa kwenye kiti, dokta anaweka alama za wino kwenye ukingo wa konea, baadaye anazifuata hizo. Ukiambiwa kaa wima angalia mbele, kaa hivyohivyo, usiinamishe kichwa hata kidogo mpaka amalize.