Mfalme Haakon na "hapana" ya Nybergsund

Wanafunzi wangu wa sheria ya katiba hunicheka tukifika kwenye mada ya ufalme. "Mwalimu, wewe mtu wa jamhuri, wafalme wanakuhusu nini?" Huwapeleka Norwei, Aprili 1940.

Katiba ya Norwei ya mwaka 1814, ukiisoma juu juu, utadhani mfalme ndiye mwenye nchi. Kifungu cha 3 kinamkabidhi mamlaka ya utendaji. Ukisoma mbele unakuta kwamba uamuzi wake hauwi halali mpaka utiwe saini na waziri pia, na tangu 1884 serikali iliyokataliwa na Bunge haina maisha. Kila Ijumaa mawaziri huenda kwenye kasri la Oslo na mambo yaliyokwisha kuamuliwa, mfalme akatia saini. Tangu 1905 hakuna mswada uliowahi kukataliwa na mfalme. Sasa mtu wa namna hiyo ana kazi gani?

Haakon VII hakuzaliwa Norwei. Alikuwa Carl, mjukuu wa mfalme wa Denmark na afisa wa jeshi la majini. Norwei ilijitoa kwenye muungano na Uswidi tarehe 7 Juni 1905, na viongozi wake wakamtaka aje atawale. Akajua kwamba wapo Wanorwei wanaotaka jamhuri, akagoma kuja hadi wananchi waulizwe. Novemba ikapigwa kura ya maoni: 259,563 wakamkubali, 69,264 wakamkataa. Ndipo akaja, akajipa jina la wafalme wa kale wa nchi ile, na mwanawe Alexander, mtoto wa miaka 2, akawa Olav. Mwaka 1928 alikabidhi serikali kwa chama cha Labour, ambacho wengi ndani yake hawakuupenda ufalme hata kidogo.

Wajerumani walivamia tarehe 9 Aprili 1940. Ngome ya Oscarsborg iliizamisha meli ya kivita Blücher kwenye mlango wa bahari wa Oslo, na saa hizo chache zikatosha kwa mfalme, mawaziri na wabunge kupanda treni kwenda Hamar, kisha Elverum. Jioni ile Vidkun Quisling, mwanasiasa wa Norwei aliyewaunga mkono Wanazi, alijitangaza redioni kuwa waziri mkuu, ilhali chama chake hakikuwa na kiti hata kimoja bungeni. Kesho yake balozi wa Ujerumani, Curt Bräuer, alimfuata mfalme Elverum akamtaka amteue Quisling. Haakon akamjibu kwamba hawezi kuamua bila mawaziri wake.

Kikao kilifanyika Nybergsund, kijiji karibu na mpaka wa Uswidi. Aliwaambia mawaziri kwamba yeye hawezi kumteua mtu ambaye hana imani ya wananchi wala ya Bunge. Wao wakiona inafaa kukubali, basi ataachia kiti cha enzi. Hakuwaamuru. Kama angewaamuru, angeivunja katiba ileile aliyokuwa akiitetea. Alichofanya ni kuweka kiti chake rehani na kuwaachia wao uamuzi, nao wakasimama naye. Tarehe 11 ndege za Kijerumani zikakishambulia kijiji kwa mabomu, mfalme na mawaziri wakajificha msituni kwenye theluji.

Wengi humsifu kwa ushujaa. Mimi namsifu zaidi kwa utaratibu. Wiki chache baadaye Leopold III wa Ubelgiji alisalimu amri kinyume na ushauri wa mawaziri wake, akabaki nchini wao wakiondoka. Hata baada ya vita mgogoro ule haukuisha, mpaka akamwachia mwanawe kiti mwaka 1951.

Kuhusu mila, Wanorwei wamepunguza mengi na mimi nawaunga mkono. Haakon alivishwa taji katika kanisa kuu la Nidaros, Trondheim, mwaka 1906. Miaka miwili baadaye Bunge likaondoa sharti hilo kwenye katiba. Olav V alipoingia hakutaka desturi ife kabisa, akaomba baraka tu katika kanisa lilelile mwaka 1958, na Harald V akafanya hivyo mwaka 1991. Mfalme anayepiga magoti bila kuvishwa kitu kichwani ananigusa kuliko dhahabu zote za Westminster, kanisa la London wanakovishwa taji wafalme wa Uingereza. (Wapenzi wa Charles III mnisamehe.) Tarehe 17 Mei, sikukuu ya katiba, wanaopita mbele ya kasri kwa saa nyingi ni watoto wa shule na bendi zao, na familia ya kifalme husimama roshani ikiwapungia.

Si kwamba ufalme huo umepewa hati ya milele. Bungeni pendekezo la kuufuta huletwa tena na tena, likajadiliwa na kupigiwa kura kama hoja nyingine yoyote. Mwaka 2022 lilianguka kwa kura 134 dhidi ya 35.