Msanii-mwalimu ni nani?

Msanii-mwalimu ni mtu mwenye sanaa yake anayoifanya kwa dhati, awe mchongaji, mpiga ngoma, mchoraji wa hina au mwigizaji, na ambaye kuwafundisha wengine sanaa hiyo ni sehemu ya kazi yake kama ilivyo kuchonga au kupiga ngoma. Darasa lake mara nyingi halimo shuleni. Limo katika ukumbi wa mtaa, uani kwa mtu, karakana, kiwanjani, na wanafunzi wake ni yeyote aliyejitokeza.

Wapo wanaodhani kwamba huyu ni msanii aliyekosa soko, akaona bora afundishe ajipatie riziki. Wapo pia wanaomchanganya na mwalimu wa shule anayejua kuimba kidogo. Dhana zote mbili zimekosea, na ile ya kwanza ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu imewafanya mafundi wazuri waone haya kusema kwamba wanafundisha. Mtu anaweza kuwa sogora wa ngoma anayesifika pwani nzima na bado asiweze kumfunza mtoto pigo moja. Kufundisha ni ujuzi wa pili, na aliye nao ameuhangaikia kama alivyouhangaikia wa kwanza.

Jina lenyewe limetoka mbali. Lilienea kutoka Lincoln Center, kituo cha sanaa cha New York, miaka ya 1970, pale taasisi yake ya elimu ilipokuwa ikiwapeleka wanamuziki, waigizaji na wacheza dansi kufanya kazi na wanafunzi na walimu mashuleni. Watu hao hawakuwa walimu walioajiriwa na shule, wala hawakwenda kutumbuiza tu na kuondoka, kwa hiyo wakahitaji jina lao. Mwaka 2012 wenye kazi hii kutoka nchi mbalimbali walifanya kongamano lao la kwanza la kimataifa, Oslo, Norway.

Lakini mzee wa Kibokoni au Kuze, mitaa ya Mji wa Kale wa Mombasa, ukimweleza hayo yote, atakusikiliza kwa adabu kisha atakuuliza jipya ni lipi. Kiswahili chenyewe kimelibeba jambo hili. Fundi, kufunda, kufunza, kufundisha na mwanafunzi ni maneno ya ukoo mmoja. Somo nalo ni neno la kushangaza: ni lile jambo unalofundishwa, na ni yule mwanamke anayemfunda mwari kabla ya harusi, akamwelekeza namna ya kuishi na mume na namna ya kuteza ngoma za faraghani. Wakati wa vugo, ngoma ya harusi ya wanawake, pembe zinapogongwa kwa vijiti na wanawake wakiitikia, wasichana wadogo waliosimama pembeni wanajifunza bila mtu yeyote kutangaza kwamba kipindi kimeanza. Chuoni nako, yaani madrasa, watoto hushika dufu na kuimba kasida miaka mingi kabla ya kusikia neno sanaa.

Kwa hiyo Mombasa haikukosa wasanii wanaofunza. Hata hivyo si kila fundi mwenye mwanagenzi ni msanii-mwalimu, na hapa ndipo maana ya neno inapokaa.

Uanagenzi una lengo moja: kumpata fundi mwingine. Kijana anayeingia karakana ya mchonga milango huanza kwa kufagia maranda na kunoa patasi. Huenda miezi ikapita kabla hajakabidhiwa ubao. Hakuna anayemweleza mengi, kwa sababu muda upo, naye anatarajiwa kuiba kwa macho. Fundi akichonga mfaa, ule mti wa katikati ya mlango unaofunika mahali mbao mbili zinapokutana, kijana huona mkono unavyoinama na lini nyundo inapunguzwa nguvu. Wasioweza kuvumilia huondoka. Anayebaki, baada ya miaka, ni mrithi.

Darasa la jamii halina miaka hiyo. Tuseme ni Jumamosi asubuhi, mtaa wowote wa Kisauni, watu kumi wamekuja kujifunza nakshi kwa saa mbili. Kuna muuguzi, dereva wa tuktuk, mama aliyestaafu, wanafunzi wawili wa shule ya msingi. Pengine hapana hata mmoja kati yao atakayechonga mlango maishani mwake. Ukiwafagiza maranda hawatarudi Jumamosi ijayo. Ukiwachongea wewe mwenyewe ili wapeleke kitu kizuri nyumbani, hawajajifunza neno. Inabidi ufundi wa miaka ukatwe vipande vidogo, na kila kipande kiwe kizima, mtu atoke nacho mkononi.

Fundi anayejua kufunza huanza na karatasi. Anaikunja katikati, wanafunzi wanachora nusu ya ua, wanakata, wanaikunjua, na wanaona kwamba nakshi za milango yetu zimesimama juu ya ulinganifu huo. Karatasi inabandikwa juu ya kipande cha mwembe, mti usio ghali kama mvule au msaji. Kisha patasi. Mkono mmoja unaiongoza, mwingine unapiga. Hapa wanafunzi wote hufanya kosa lilelile: hukata kinyume na nyuzi za mti, na mti ukapasuka. Fundi anaweza kuwaonya mapema. Lakini aliyeizoea kazi hii huacha kipande kimoja kipasuke, kipande ambacho tangu mwanzo alikitenga kwa ajili hiyo, halafu anasema, "Haya mwanangu, kigeuze, jaribu upande wa pili." Patasi inapita laini, na yule mtoto hatasahau nyuzi za mti ni nini. Kujua kosa gani lizuiwe, kama lile la kuweka vidole mbele ya patasi, na kosa gani liachwe litokee, huo ndio ujuzi wa pili niliousema.

Ngoma ni vivyo hivyo. Mpigaji hodari mikono yake inajua mambo ambayo yeye mwenyewe hajawahi kuyasema. Muulize pigo la sengenya, ngoma ya Wadigo, linaanzia wapi, na mara nyingi atakujibu kwa kulipiga. Hilo ni jibu sahihi kwa mpigaji mwenzake, ila halimsaidii mgeni, ambaye anasikia ngoma kadhaa, zumari, kayamba na upatu vyote kwa pamoja kama mvua juu ya bati. Msanii-mwalimu amelazimika kurudi nyuma na kujisikiliza. Huwafanya watu waseme pigo kwa mdomo kwanza, kisha walipige kwenye mapaja, kisha wakanyage chini mguu mmoja, na ngoma yenyewe waiguse mwisho. Kundi moja linashika sauti nzito, jingine linashika nyepesi, halafu wanabadilishana. Mtu asiyewahi kupiga ngoma anaondoka akiwa amesikia, pengine mara ya kwanza, kwamba ngoma zinazungumza kwa kupokezana. Harusi ijayo atasikiliza kwa masikio mengine. Darasa la jamii linatafuta hilo pia: wasikilizaji na watazamaji wanaojua wanachokiona. Sanaa yenye mafundi watano wazuri na mji mzima usioielewa haina afya.

Nakiri kwamba kuna wazee wanaohofia madarasa haya. Wanasema ufundi unaogawanywa kwa saa mbili mbili unageuka kuwa mchezo, na mwanagenzi wa kweli atakosekana. Hofu yao ina msingi. Darasa la Jumamosi haliwezi kuchukua nafasi ya karakana, na msanii-mwalimu mwaminifu huwaambia wanafunzi wake hivyo siku ya kwanza. Anachoweza kufanya ni kumtambua yule mmoja ambaye kila akija hataki kuondoka, na kumpeleka kwa fundi.

Kwenye uigizaji dhana hii ina uzito wa namna nyingine, kwa sababu jukwaani watu huleta maisha yao. Kundi linalofanya maigizo ya mtaani kuhusu afya au amani mara nyingi hutumia njia ya Mbrazili Augusto Boal: tukio linaigizwa mpaka pale mambo yanapoharibika, kisha mtazamaji yeyote anaruhusiwa kusimamisha mchezo, kuchukua nafasi ya mhusika na kujaribu kutenda tofauti. Igizo la binti ambaye wazazi wanataka kumwachisha shule likichezwa kiwanjani Likoni, bibi mmoja akatoka kwenye umati na kuingia katika nafasi ya mama, pale msanii haonyeshi tena. Anafundisha kwa kunyamaza na kuwaachia watu nafasi.

Kenya inalijua jambo hili kwa uchungu. Katika kijiji cha Kamirithu, Limuru, wakulima na vibarua walijijengea ukumbi wa wazi na mwaka 1977 wakaigiza mchezo kwa lugha yao, huku wasanii waliosoma wakifunzwa na wanakijiji kama walivyowafunza. Serikali iliusimamisha mchezo huo mwaka huohuo, na mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa. Nautaja mfano huo kwa sababu unaonyesha upande ambao maelezo mengi huuruka: katika darasa la jamii ujuzi hausafiri upande mmoja.

Tena si lazima mwanafunzi awe kijana wala mwenye viungo vyote. Huko Bombolulu, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, watu wenye ulemavu wamekuwa wakifunzwa na kufanya kazi za mapambo, nguo, ngozi na mbao tangu 1969. Kituo cha Utamaduni wa Waswahili, kilicho chini ya Makumbusho ya Kitaifa, nacho kimewafunza vijana na wanawake kazi za mikono za pwani.

Kufundisha Mombasa kuna adabu zake, na asiyezijua darasa lake litabaki tupu hata awe na kipawa gani. Akina mama wengi watakuja kujifunza hina na piko, au hata ngoma, ikiwa chumba ni cha wanawake watupu na mwalimu ni mwanamke; changanya, na hutawaona tena. Mwezi wa Ramadhani kipindi cha jioni huhamishwa baada ya tarawehe au kusimama kabisa. Mzazi ana haki ya kuuliza wimbo unasema nini kabla mtoto wake hajauimba. Na palipo na watoto, mlango uwe wazi na mtu mzima mwingine awepo, hili lisiwe na mjadala. Watu hapa pia hutofautisha majina: maalim ni wa chuoni, wala si kila fundi atakubali kuitwa hivyo. Wengi hupenda kubaki na fundi, na mimi naona wana haki, kwa sababu jina hilo tayari lina mafunzo ndani yake.

Nani humlipa? Zamani, anayehitimu alimpa fundi wake kilemba, zawadi ya shukrani ambayo kila mtu aliielewa kuwa ni haki na si hisani. Siku hizi kuna ada ya kipindi, kuna mfadhili wa miezi sita, kuna ukumbi wa bure, na mara nyingi kuna ahadi. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la shughuli za utamaduni, kwa hiyo si kosa msanii kubisha hodi kaunti akiwa na mpango wake mkononi. Shuleni mambo ni magumu zaidi: mwalimu lazima asajiliwe na Tume ya Huduma kwa Walimu, na fundi wa zumari asiye na cheti huingia kama mgeni tu, msimu wa tamasha za muziki na drama, kisha hutoka. Mtaala mpya una mkondo wa sanaa na michezo katika sekondari ya juu. Ukitaka kujua kama umekusudiwa kwa dhati, angalia kama shule zitawafungulia mlango watu hawa na kuwalipa.

Ukisikia basi kwamba mtaani kwenu kuna msanii-mwalimu, usianze kwa kuuliza vyeti wala picha alizopiga na wakubwa. Omba ruhusa ukae nyuma kipindi kimoja. Tazama patasi, brashi au ngoma imekaa mikononi mwa nani muda mrefu zaidi, mwake au mwa wanafunzi. Kisha ngoja mwanafunzi mmoja aharibu kitu, uone fundi atafanya nini.