Nani anaamua tiba yako na bei yake? Dhana potofu kuhusu NHIF, dawa na mkono wa serikali

Mgonjwa akiambiwa dirishani "hii dawa bima hailipi", mara nyingi huondoka akiamini kuna ofisa mahali fulani aliyeitazama karatasi yake na kuikataa. Kwa kawaida hakuna mtu wa namna hiyo. Tanzania Bara, uamuzi huo umelala kwenye nyaraka: mwongozo wa taifa wa matibabu, orodha ya taifa ya dawa muhimu (wahudumu huiita NEMLIT), kitita cha mafao (orodha ya huduma zinazolipiwa) cha NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, na utaratibu wa rufaa. Kila moja ina kazi yake, na malalamiko mengi hufia njiani kwa sababu yamepelekwa kwa asiyehusika.

Dhana: Bima humwamulia daktari namna ya kutibu

Anayeandika dawa ni daktari, na dhamana ya kitaaluma ni yake. Mfuko huamua kama utalipia, na kwa bei gani. Kwa mgonjwa asiye na fedha mfukoni tofauti hiyo inaweza kuonekana ndogo, lakini ndiyo inayoonyesha pa kwenda kuuliza.

Kila dawa kwenye NEMLIT ina herufi ya ngazi: A ni zahanati, B kituo cha afya, C hospitali ya wilaya, D hospitali ya rufaa ya mkoa, na S hospitali za ubingwa. Dawa ya ngazi ya C hailipwi ikiandikwa zahanati, hata kama imejaa kwenye duka la jirani. Ngazi hupangwa kwa kuangalia kama kituo kina vipimo vya kumfuatilia mgonjwa na mtaalamu wa kumshughulikia madhara yakitokea.

Kwa hiyo "bima hailipi" ni sentensi moja yenye maana nyingi, na mfamasia anapaswa kukwambia ni ipi. Huenda dawa haimo kabisa kwenye orodha. Hapo rudi kwa daktari, uliza kama ipo ya kundi hilohilo iliyomo. Huenda imo lakini ni ya ngazi ya juu. Unachohitaji ni rufaa. Huenda inalipwa kwa kibali cha mfuko tu. Huenda daktari ameandika jina la kibiashara, wakati orodha inatumia jina la kitaalamu la dawa. Na huenda imekwisha stoo. Hili la mwisho si kosa la bima hata kidogo: omba fomu ya dawa iliyokosekana, uichukue kwenye duka la dawa lenye mkataba na NHIF, kabla hujatoa fedha yako.

Kuhusu vibali vya vipimo na dawa za gharama kubwa, kinachokwamisha mara nyingi ni maelezo hafifu. Ombi la MRI (kipimo cha picha za ndani ya mwili) ya uti wa mgongo lililoandikwa "maumivu ya mgongo" halimpi mkaguzi wa mfuko cha kushika. Likieleza kwamba maumivu yana wiki nane, mguu wa kushoto umeanza kufa ganzi na kulegea, na dawa za awali hazikusaidia, linaeleweka. Mgonjwa ana haki ya kumwomba daktari aandike hayo yote. Kabla ya karatasi kuondoka, hakikisha ugonjwa ulioandikwa unaendana na kipimo kinachoombwa, na namba ya uanachama iko sahihi.

Dhana: Miongozo ya matibabu ipo ili kubana matumizi

Malaria inatosha kuonyesha vinginevyo. Klorokwini ilikuwa ya bei rahisi mno, lakini mwaka 2001 Tanzania iliiacha kama dawa ya mstari wa kwanza, yaani ya kuanzia tiba, kwa sababu vimelea vilishakuwa sugu. Ikaingia SP (sulfadoksini na pirimethamini), nayo ikazidiwa, na mwishoni mwa 2006 nafasi ikachukuliwa na dawa mseto, ALu, ambayo ilikuwa ghali kuliko zote mbili. Serikali ingekuwa inatazama bei tu, isingehama. SP ikabaki kwa kinga ya wajawazito.

Mwongozo huohuo unataka kipimo kabla ya dawa, na dozi kamili: mtu mzima humeza vidonge vinne vya ALu mara mbili kwa siku kwa siku tatu, jumla 24, dozi ya pili ikifuata baada ya kupita muda wa saa nane tangu ya kwanza. Anayeacha siku ya pili kwa sababu homa imeshuka anaacha vimelea vilivyo hai. Antibiotiki nazo zina mantiki hiyo. Daktari anayeanza na amoksilini badala ya kurukia seftriaksoni analinda dawa ya akiba dhidi ya usugu, na mgonjwa asimwone kuwa amepunjwa.

Dhana: Serikali hupanga bei ya dawa madukani

TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, husajili dawa, hukagua na kupima ubora. Bei ya rejareja si kazi yake, ndiyo maana maduka mawili ya mtaa mmoja yanatofautiana. Serikali hugusa bei kwa njia nyingine: Bohari ya Dawa, MSD, iliyoundwa kwa sheria ya 1993, hununua kwa wingi kwa ajili ya vituo vya umma, na NHIF huweka kiwango itakachorudisha. Mara nyingine huwa ni ruzuku, kama ile iliyoleta ALu yenye nembo ya jani la kijani kwenye maduka binafsi. Vidonge vyenye alama ya GOT navyo si dhaifu. Alama hiyo inasema ni mali ya serikali, ili ikionekana inauzwa dukani wizi ujulikane.

Dhana: Bei ikishushwa, gharama imeshuka

Gharama ni bei mara idadi. NHIF, kwa sehemu kubwa, hulipa kwa kila huduma iliyotolewa: kumwona daktari, kipimo, dawa, kitanda. Mfumo huu una ubaya wake: ukipunguza bei ya kipimo, kituo kinachotaka kufidia mapato kinaweza kuagiza vipimo vingi zaidi. Mfuko hujibu kwa kukagua madai na kukata, hospitali nayo hulalamika, na aliye katikati ni mgonjwa.

Tazama hesabu yenyewe. Mtumishi wa umma mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 800,000 hukatwa asilimia 3, yaani 24,000, na mwajiri huongeza kiasi hichohicho. Kwa mwaka ni 576,000, na zinahudumia hadi watu sita: mwanachama, mwenza na wategemezi wanne. Kila mmoja ana 96,000. Mgonjwa mmoja wa figo anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki huingia kwenye mashine mara 156 kwa mwaka. Mfuko unasimama kwa sababu wengi wanachangia bila kuugua, na huyumba wanapojiunga wagonjwa peke yao.

Kubana bei kupita kiasi pia kuna mwisho wake. Machi 2024, kitita kipya kilipoanza kutumika, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kupokea wanachama zikisema viwango havitoshi kuendesha huduma. Bei ndogo kwenye karatasi haimsaidii mwenye kadi iliyokataliwa mapokezi. Kiwango kinafaa kikokotolewe kutokana na gharama halisi ya dawa, vitendanishi na muda wa mtaalamu, na hesabu hiyo iwekwe wazi pande zote ziione.

Dhana: Mzee wa miaka 60 hutibiwa bure popote

Msamaha wa malipo ni wa vituo vya umma, na kwa wazee umewekwa kwa wasio na uwezo. Wajawazito na watoto chini ya miaka mitano wamo pia, pamoja na magonjwa kama kifua kikuu, ukoma na VVU. Kwa mzee, utambuzi huanzia serikali ya kijiji au mtaa, kisha ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini. Barua ya utambuzi huo itafutwe angali mzima. Akilazwa bila hiyo, ndugu wamwone ofisa ustawi siku ileile ya kulazwa, wasisubiri bili ifungwe.